Koti na Tai kwa Chakula cha Jioni

Jumanne, 7 Desemba 1993

Kadi imefika. Queen kaileta mwenyewe mpaka nyumba za walimu, kwa gari la mumewe, na honi juu — majirani wote wa Butimba wakatoka nje kutazama. Mdogo wangu huyu! Tangu aolewe na sangara hajui tena kubisha hodi.

Sangara ni Shigela, shemeji yangu. Anakata minofu na kuipeleka Ulaya kwa ndege. Sisi tunabakiziwa mapanki, kichwa na mifupa, tunayakaanga na kusifu ladha yake.

Kadi yenyewe nene, inateleza, maandishi ya dhahabu. MV Lulu ya Ziwa, meli ya starehe. Ndiyo, Mwanza sasa tuna meli ya starehe! Safari ya kwanza tarehe 27, siku tatu, Nansio na visiwani na kurudi. Lakini meli ni ile ile Nyakabungo iliyokuwa ikibeba pamba na mikungu ya ndizi na mbuzi. Shirika limemuuzia tajiri, tajiri kaipaka rangi nyeupe na kutundika mapazia. Baba amefanya kazi ndani yake miaka ishirini na saba, chini kwenye injini, kupaka grisi. Ndiyo maana Shigela ametukatia nafasi wote wanne — yeye, Queen, mimi na baba. Zawadi kwa mzee, anasema. Nilisema asante, na niliisema kwa moyo.

Halafu nikageuza kadi. Chakula cha jioni, ukumbi wa daraja la kwanza. Mabwana: koti na tai. Mabibi: gauni refu. Hayataruhusiwa: kandambili, mashati ya mikono mifupi, suti za Kaunda.

Suti za Kaunda! Zimetajwa kwa jina, mstari mmoja na kandambili! Miaka kumi tu iliyopita hukuingia ofisi ya maana bila suti ya Kaunda. Mwenye tai aliulizwa anamtumikia bwana gani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiuliza, darasani, mbele ya wanachuo sitini. Sasa somo langu la Siasa limefutwa, nafundisha Uraia, kwa madaftari yale yale niliyobandika jalada jipya. Na watu wazima watajifunga shingo, katika joto la Desemba, ili wakale kuku.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimeshinda Buswelu kwa baba. Nilidhani tutaicheka kadi pamoja. Nikamsomea kwa kubana pua. Hakucheka. Akaniuliza tai zinauzwa wapi.

Miaka thelathini na miwili ya Uhuru, na baba yangu anataka tai!

Nikamkumbusha suti yake ya Kaunda, ya kijivu, aliyoshonewa siku ya kupewa cheti cha utumishi wa muda mrefu. Aliivaa harusini kwangu. Aliivaa tukimzika mama. Akasema ni nzuri, ila si imeandikwa hairuhusiwi? Nikasema hiyo ndiyo sababu ya kuivaa. Akanitazama jinsi wanachuo wanavyonitazama kipindi cha saa nane mchana.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sijapata kulisikia. Mwaka sitini na saba bomba la maji ya moto lilivuja kule juu, ukumbi wa daraja la kwanza wa meli ile ile, saa ya chakula. Wakamwita apande na spana zake. Mlangoni mhudumu akamzuia, akaleta magazeti, akayatandika sakafuni moja moja mpaka penye bomba, ili grisi ya viatu isishike zulia. Baba akapita juu ya magazeti. Watu wakaendelea kula. Wengine walikuwa waheshimiwa wetu wenyewe, anasema, koti na tai. Akafunga bomba, akarudi juu ya magazeti yale yale, mhudumu nyuma yake akiyaokota.

Alisimulia kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Nikamuuliza, hukuumia baba? Akasema aliangalia kitambaa cha meza. Cheupe, kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Tangu siku hiyo anataka kukaa pale ale, amevaa kama walivyovaa wale. Mara moja tu. Macho yana mtoto wa jicho, yote mawili, na anataka kukiona kile kitambaa kabla ukungu haujafunga.

Nimerudi nyumbani na hasira. Wale wale waliomtandikia magazeti ndio anaotaka kufanana nao!

Jumapili, 12 Desemba

Baada ya misa Queen akaniburuta Mlango Mmoja kutafuta koti la baba. Pesa zote zile, na bado mitumbani. Anasema makoti ya dukani hayana kitambaa. Zamani nguo hizi tuliziita kafa Ulaya, tukizinunua kwa kujificha. Sasa ni gredi ya kwanza na unapewa mfuko.

Koti la bluu iliyoiva. Ndani ya kola jina limeshonwa kwa uzi mwekundu: HENDRIK. Nikasema, kwa hiyo baba atakunywa supu akiwa ndani ya marehemu. Muuzaji akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema Mwalimu, na hilo gauni lako je?

Gauni nililinunua pale pale, meza ya tatu.

Shigela alikuja kutuchukua. Saa saba mchana, jua la utosi, koti la vifungo sita! Jasho linamchuruzika nyuma ya masikio. Ananieleza kwamba wanunuzi wake wa Ulaya hutazama tai kwanza, samaki baadaye. Nikamwambia basi awauzie tai. Akacheka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi kwa Shigela, humtukani akatukanika.

"Shemeji," akasema, "mzee ametaka koti. Mimi namletea koti. Sasa ugomvi uko wapi?"

Hajui kitu. Mtu wa minofu.

Jumatano, 15 Desemba

Kusahihisha mitihani. Swali la tano: eleza maana ya utu. Thelathini na wanane wameandika utu ni kuvaa vizuri. Nimewapa sifuri wote, kwa kalamu nyekundu, nikabonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili, 19 Desemba

Buswelu. Nimemkuta baba nje, amekaa kwenye meza ya mama, ndani ya lile koti, tai shingoni. Mezani sahani ya viazi vitamu, kisu na uma. Anajifunza! Ana miaka sabini na mmoja, na kiazi kinamkimbia kwenye sahani. Mzee Luhaga wa jirani kasimama kando na baiskeli, anamuuliza kama ameteuliwa udiwani.

Tai alifungiwa na Shigela juzi. Baba hajui kufunga, kwa hiyo hafungui. Akivua anailegeza kidogo, anaipitisha kichwani taratibu na fundo lake, anaitundika msumarini na kuifunika mfuko wa plastiki, inzi wasiichafue. Aliniomba nisiiguse.

Sikukaa sana. Nilisema nina mitihani. Barabarani nilitembea mbio, sijui kwa hasira ama nini. Huyu ni mtu aliyesimama kwenye mgomo wa mabaharia! Na sasa anaogopa fundo la kitambaa.

Alikuwa amependeza. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 26 Desemba

Baba amelala hapa kwangu tangu jana, kesho tunapanda meli. Begi lake amenikabidhi mimi, nilipange vizuri, mkono wake mzito. Sasa hivi yuko kanisani, misa ya pili.

Nimefanya. Koti nimelitoa. Shati jeupe nimelitoa. Tai, aliyoitundika msumarini hapa kwangu, nimeitoa na mfuko wake, nimeitia kabatini kwangu chini ya mashuka. Mahali pake nimeweka suti ya Kaunda, aliyokuja nayo jana kwa misa ya Noeli, nimeipiga pasi kwa mkaa mpaka mistari inasimama yenyewe.

Si wizi. Naandika sababu zangu. Kwanza, huwezi kumheshimu mtu kwa kumvika mtu mwingine. Pili, wakimzuia mlangoni, nitasema. Nina hotuba, nimeiandaa siku tatu, fupi, ya pointi tatu, na naijua kwa moyo. Nataka kuwaona watakavyokosa pa kuweka macho. Baba atapita kwa miguu yake, kwa nguo yake, na hakuna atakayetandika gazeti. Tatu, ananiamini. Atafahamu.

Gauni langu refu la kitenge liko tayari. Kitenge kimeruhusiwa, nimeuliza. Kwa mabibi.

Jumatatu, 27 Desemba

Bandarini, tunangoja kupanda. Haraka tu. Baba amekaa juu ya begi kama mtu aliyeketi juu ya mayai. Anaiangalia meli, anasema wameipaka rangi mbaya ubavuni, kutu itarudi kabla ya masika. Kanitajia majina ya mabomba. Wenye makoti yao wanateremka kwenye magari, wake zao wamevaa kofia — kofia zenye manyoya, hapa Mwanza! Mmoja anajipepea na kadi. Nawacheka moyoni mmoja mmoja. Queen ananifinya.

Leo jioni tutaona.

Jumanne, 28 Desemba, asubuhi

Naandika yote kama yalivyokuwa. Sitajipamba.

Saa kumi na mbili na nusu jana baba alifungua begi chumbani. Akatoa suti ya kijivu. Akaingiza mkono tena, akapapasa chini, pembeni, kwenye mfuko wa zipu. Akalipindua begi kitandani. Kisha akakaa.

Hakuniuliza. Nikaanza kumweleza — heshima, utu, nguo yako mwenyewe. Akasema, "Tai umeiacha na fundo lake?" Nikasema ndiyo baba, fundo lipo. Akasema haya. Akaivaa suti ya Kaunda, kifungo kwa kifungo, akachana nywele.

Mlangoni mhudumu mkuu, glavu nyeupe. Shikamoo mzee. Marahaba. Kisha kwa sauti ya chini kabisa: samahani mzee, ni amri, koti na tai. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Ningefurahi angekuwa mkorofi! Akasema yapo makoti matatu ya kuazima kwa waliosahau, na yote matatu yamechukuliwa na jamaa wa viwanda vya samaki.

Nikaanza hotuba. Pointi ya kwanza niliisema kwa sauti niliyokuwa nikihutubia nayo gwaride. Ukumbi mzima ukageuka. Hakuna aliyekosa pa kuweka macho — wote waliyaweka kwa baba. Hapo tu, penye kizingiti, suti ya kijivu, taa zote zikimwangaza. Sikufika pointi ya pili. Baba alinishika kiwiko.

"Mama," akasema. Huniita hivyo, nimerithi jina la mama yake. "Mama, unanipigia kelele."

Shigela alikuja mbio kutoka mezani, akivua koti lake. Akamvisha pale pale. Shigela ni mfupi. Mikono iliishia karibu na viwiko vya baba, mgongo ukalia ukitaka kupasuka. Mwanamke mmoja mwenye kofia akaweka leso mdomoni. Baba akalivua, akalikunja kwa mstari wake, akamrudishia, akamshukuru. Akasema yeye hana njaa sana, angependa kwenda kuona kama ile injini bado ina kikohozi.

Akashuka. Njia ya kushuka hakumwuliza mtu wala hakuonyeshwa.

Na mimi? Nilikuwa na kitenge. Niliruhusiwa. Ningeweza kumfuata. Nilisimama kidogo, halafu mhudumu akanivutia kiti, nikakaa. Nilijiambia nikiondoka watasema nimeshindwa. Nikanywa supu. Nikala na kuku. Niandike ukweli: nililamba kidole.

Kitambaa ni cheupe kweli. Kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Weupe ule niliumwagia mchuzi, bahati mbaya, nikafunika doa kwa sahani.

Tukafika matunda. Queen akasema bila kunitazama kwamba ametafuta koti kwenye begi la baba, hakuliona, na anajua baba si mtu wa kusahau. Nikasema ni mimi. Akaweka kisu chini. Akasema, "Miaka yote unatufundisha kuwasikiliza wanyonge, dada. Mzee alikwambia anataka nini. Ulimsikia?"

Shigela akamgusa mkono anyamaze. Shigela! Kunitetea mimi!

Jumanne, mchana

Nansio. Wengine wameshuka kupiga picha, kofia zao mikononi kwa upepo. Mimi nimeshuka ngazi zile nyingine, za chini.

Fundi mkuu wa injini ni Odero, Mjaluo wa kule Shirati. Alianza kazi chini ya baba, akimshikia taa. Jana walikula ugali na sato pamoja, kwenye sahani moja ya bati, wakasikiliza mashine. Odero alinisalimu vizuri ila hakunikaribisha kukaa. Anasema usiku baba aligundua bomba moja linavuja, kwa kusikia tu, macho yamefumbwa. Kisha akaniambia kwamba mzee amemsimulia habari ya tai iliyobaki Butimba. Hakusema ni nani aliyeiacha. Amesema imesahaulika.

Imesahaulika! Ananifichia aibu yangu kwa watu wa injini.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia baba. Nimemkuta anafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta. Nikasema baba, nimekosa. Akasema panda ngazi taratibu, zina grisi.

Jumanne, saa kumi na mbili jioni

Leo ndicho chakula cha mwisho ukumbini, kesho tunarudi. Odero yuko zamu mpaka asubuhi, koti lake la sare halina kazi. Jeusi, vifungo vya shaba. Ni mrefu kama baba. Amelileta mwenyewe mlangoni, amelipiga brashi. Mikono imefika mahali pake. Queen ameleta shati jeupe la Shigela, lililo pana, na tai, akavirusha kitandani, akaondoka. Bado hanitazami.

Kila kitu kipo. Ila tai imekunjuliwa, bapa, imepigwa pasi. Haina fundo.

Nimejaribu mara tano. Mara ya kwanza ikatoka kama kamba ya ng'ombe. Ya pili, ncha ya nyuma ndefu kuliko ya mbele. Ya tatu nilimkaba, akakohoa, akasema endelea tu mama. Ya nne na ya tano sitaki kuandika. Miaka ishirini na miwili nimefundisha watu wazima kwamba hiki ni kitanzi, na sijui hata kitanzi chenyewe kinavyofungwa.

Kengele ya kwanza imelia.

Sakafu ya chumba ina vumbi, na viatu amevipaka rangi mchana kutwa. Nimegeuka kumtafutia kioo. Niliporudi nikamkuta ametandika gazeti langu sakafuni na kusimama juu yake, visigino pamoja. Kola imesimama, kidevu juu. Hakufikiria chochote, naona. Asichafue tu. Nimeliona gazeti lile nikalazimika kukaa, ndiyo maana naandika. Mkono unaandika wenyewe.

Anayejua kufunga ni Shigela. Yuko ukumbini tayari, pale mbele yao wote, wale wale walionisikia jana. Sijamsalimu leo. Itabidi nipite katikati ya meza, niiname kwenye sikio lake. Maneno gani? Shemeji, naomba uje. Shemeji, mimi sijui. Shemeji —

Baba anasema nisijisumbue, ikishindikana atashuka kwa Odero, ugali upo. Hajashuka kwenye gazeti lakini. Kidevu bado kiko juu, ameishika tai kwa ncha mbili, ananingoja mimi.

Kengele ya pili hiyo.